Darasa la Wanaoanza Limekwisha, Barafu Bado

Siku niliyomaliza darasa la wanaoanza kuteleza kwenye barafu kwa mtindo wa kisanii (figure skating) nilikuwa na miaka 41 na mambo manne tu: kwenda mbele, kusimama kwa kusukuma visigino nje, kuteleza kwa mguu mmoja hadi hesabu ya tatu, na kurudi nyuma kwa kunyatanyata. Wiki iliyofuata nililipa kiingilio peke yangu nikazunguka uwanja kama ngamia wa kinu. Nikazunguka hivyo miezi minane. Kasi iliongezeka, ujuzi haukuongezeka. Haya ndiyo ningeyafanya kama ningepewa ile miezi minane tena.

Anza na viatu. Vile vya kukodi vimelegea kwenye kifundo na makali yake ni butu, kwa hiyo kila unachokosea hujui ni mguu wako au ni kiatu. Nunua vyako, lakini usinunue kama nilivyonunua mimi. Nilichukua vikubwa namba moja, nikavijaza soksi mbili nene kwa kuogopa kubanwa. Kisigino kilikuwa kinanyanyuka kila nikikunja goti, na kwa kuwa kilinyanyuka, niliacha kukunja goti. Mimi ni fundi cherehani. Nguo isiyokaa begani naiona kutoka ng'ambo ya barabara, ila miguuni nilijidanganya. Kiatu sahihi mara nyingi ni kidogo kuliko cha kutembelea: ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo tu, ukikunja goti kisigino hakitikisiki, na soksi ni moja, nyembamba. Usiuziwe kile kigumu kama ubao cha watu wanaoruka mizunguko miwili hewani. Hutaweza kukunja kifundo. Kamba zikaze pale mguu unapokunjana na kifundo, vidoleni na juu kabisa zilegee kidogo.

Chini ya chuma cha kiatu kuna mfereji mwembamba unaokwenda urefu wote. Kingo zake mbili ndizo makali: ya ndani, yanayotazama mguu wa pili, na ya nje. Pitisha ukucha kidogo kukatiza makali. Yasipokwangua hata unga wa ukucha, yanahitaji kunolewa. Kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya kawaida hiyo huwa baada ya saa kama 20 hadi 40 za barafu. Mpe anayejua viatu vya mtindo huu, maana mnoaji asiyejua anaweza kuharibu mviringo wa chuma au kula meno ya mbele, yale yaliyochongwa kwenye ncha ya chuma. Siku ya kwanza baada ya kunoa barafu itakushika kuliko ulivyozoea. Siku hiyo usijaribu jambo jipya.

Sasa makali yenyewe, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Darasani tulifundishwa kusonga, hatukufundishwa kuegemea. Chukua mstari wowote uliochorwa uwanjani, simama juu yake, jisukume kwa mguu mmoja na uchore nusu duara kwa makali ya nje ya mguu wa pili mpaka urudi kwenye mstari. Badilisha mguu, nusu duara upande wa pili. Kisha makali ya ndani. Kisha yote hayo kinyumenyume. Mwili uegemee wote kuanzia kifundo, kama mlingoti wa jahazi. Ukipinda kiunoni umekwisha.

Fanya zoezi hili mara tu mashine ikishalainisha barafu, halafu rudi ukaangalie alama yako. Mstari mmoja safi maana yake ulikuwa juu ya makali. Mistari miwili sambamba maana yake ulikuwa umesimama bapa, hata kama ulijiona unaegemea. Kwangu hiyo ilikuwa kama chaki kwenye kitambaa: haibishani. Hadi mwaka 1990 washindani wa kimataifa walipimwa kwa kuchora maumbo haya haya kwa mguu mmoja, waamuzi wakiinama kukagua mistari. Zoezi likaondolewa mashindanoni, lakini miguu bado inalihitaji.

Kupishanisha miguu kwenye kona kuna mtego. Saa za umma watu wote huzunguka upande mmoja, mara nyingi kinyume cha saa, kwa hiyo mguu wa kulia unajua kuvuka juu ya wa kushoto na wa kushoto haujui lolote. Omba kutumia duara la katikati, lile la mchezo wa magongo lenye nusu kipenyo cha mita 4.5, ufanye upande mbovu mara mbili ya upande mzuri. Na usihesabu kuvuka tu. Mguu unaopita chini lazima usukume kwa makali yake ya nje kabla ya kuondoka. Wengi tunaurudisha bure, kisha tunashangaa kwa nini hatupati mwendo.

Mgeuko wa tatu, unaoacha alama kama namba 3, ulinichukua miezi mitano. Unakwenda mbele kwa makali ya nje, unageuka kwa mguu ule ule, unatoka kinyumenyume kwa makali ya ndani. Mabega hutangulia, nyonga hufuata, goti linainuka wakati wa kugeuka na kukunjika tena mara moja. Anzia ukutani. Ukianguka mbele, uzito ulikuwa umefika kwenye meno. Unatakiwa ukae chini ya unyayo wa mbele, nyuma ya meno hayo kidogo.

Kuzunguka kama pia na kuruka vitakuja. Mruko wa kwanza, wa nusu mzunguko, unatua kinyumenyume kwa makali ya nje. Kama huwezi kuyashikilia hayo kwa hesabu ya tano bila kuruka, hujawa tayari, na hilo hata mwalimu mpole atakuambia.

Kuanguka nako kunafundishwa. Ukihisi unakwenda, kunja magoti, kaa kwa upande wa tako, kidevu kifuani, mikono mbele. Mimi niliweka kiganja nyuma na nikavaa bandeji wiki tatu, cherehani ikilala. Tangu hapo navaa kinga za viganja na kaptula yenye sponji ndani, na kofia ngumu ninapojifunza kitu kipya. Watoto wanacheka. Wacheke.

Ratiba yangu ni nusu saa na mwalimu kila wiki mbili, na kati yake mazoezi mawili ya dakika 45 kila wiki, saa ambazo uwanja hauna msongamano. Kila zoezi nina daftari lenye mambo matatu tu, na la kwanza huwa lile ninalolichukia. Simu naiegesha ukingoni inirekodi dakika mbili. Ndipo nilipoona kwamba goti ninalodhani limekunjwa limenyooka kama fito. Nyumbani napiga mswaki nimesimama mguu mmoja.

Ukimaliza, futa chuma na skrubu zake kwa kitambaa kikavu. Vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea nje ya barafu tu. Ukiviacha usiku kucha vinafungia maji na asubuhi utakuta kutu. Visha vile vya kitambaa, na viatu uviache wazi vipate hewa.