Kabla hujamchukua mtoto wa mtu kibarua cha likizo

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, kina mama hapa soko la Kongowea, Mombasa, huanza kupita na wanao: "Dada, nishikie huyu, asizurure mtaani." Nauza vitunguu na viazi kwa jumla, na wakati huo mikono ya ziada naihitaji kweli. Ukiombwa hivyo, fanya hivi.

Uliza umri, na jibu la mdomo usilikubali. Mzazi mwenye shida humwongezea mwanawe miaka miwili bila kupepesa macho. Taka cheti cha kuzaliwa.

Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, hata kwa soda na nauli. Wa 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia shule. Akishavuka hapo anaajirika, ila bado ni mtoto mpaka afike 18, na kazi za hatari hapewi.

Nyepesi ni ipi? Hapo watu hubishana sana. Kwangu ni kuchambua vitunguu vilivyooza, kufunga vya rejareja, kuandika madeni (hati zao nzuri kuliko yangu). Kushusha gunia la kilo 50, la. Kusukuma mkokoteni, la. Sheria inakataza wa 13 hadi 16 kusimamia mashine kiwandani. Sokoni si kiwandani, utaambiwa, lakini iangalie mashine ya kukunia nazi inavyozunguka kisha uamue mwenyewe. Saa nazo ni vivyo hivyo: viwandani mtoto haruhusiwi kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kama hiyo asubuhi. Malori yangu hufika alfajiri, kwa hiyo nayashusha na watu wazima. Mtoto aje saa mbili, saa nane aende kwao.

Fungua daftari. Ni lazima kisheria kuandika umri, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoanza na siku aliyoacha. Mimi naongeza simu ya mzazi na malipo ya kila siku, mtoto akatia sahihi. Pesa mpe mkononi mwake. Mamake akija kuzidai, wakazungumze nyumbani.

Shule zikifunguliwa, kibarua kimekwisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpa mtoto wa umri wa shule kazi ya kumzuia kusoma. Na hapa tusidanganyane kuhusu dada wa kazi. Msichana wa miaka 14 katolewa Kinango kwa ahadi ya kusomeshwa; anaamka kabla ya adhana, mtoto wa watu mgongoni, ndoo mkononi, mshahara "anatumiwa mamake". Wageni wakiuliza, ni binamu. Huyo ni mtoto aliyeajiriwa, na aliyemwajiri kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini, au kufungwa, au vyote viwili.

Ukimwona wa namna hiyo, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, au nenda kwa afisa wa leba au polisi. Eleza nyumba iko wapi, ghorofa ya ngapi, mtoto anafanya nini na umemwona saa ngapi. "Kuna mtoto anateswa huku Bombolulu" haiwafikishi mlangoni.