Kamusi, orodha ya dawa na kanyagio kwa anayeanza unukuzi wa kitabibu

Ukianza kazi ya kunukuu sauti zilizorekodiwa za madaktari wanaozungumza Kiingereza, yaani kuzisikiliza na kuziandika, kitu cha kwanza kununua ni kamusi ya tiba, ya Dorland au ya Stedman, kwa sababu sikio peke yake haliwezi kutofautisha "ileum", ambayo ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na "ilium", ambayo ni sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, ilhali maneno yote mawili hutamkwa sawasawa. Kando yake weka orodha ya dawa, kwani hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi: "hydralazine" hushusha shinikizo la damu, "hydroxyzine" hutuliza mwasho na wasiwasi, na daktari anayesema kwa haraka huyafanya majina hayo yakaribiane mno. Kamusi ya mitumba inafaa sana, lakini orodha ya dawa iwe mpya. Kanyagio la mguu, linalosimamisha na kurudisha sauti huku vidole vikibaki kwenye kibodi, nalo ni la lazima. Neno usilolitambua hata baada ya kulitafuta usilikisie kamwe, bali acha nafasi tupu na uandike dakika na sekunde lilipotamkwa, ili daktari alijaze mwenyewe.