Somo: Kuchagua mfumo wa baridi na joto kwa vyumba vya wageni hotelini

Mgeni hukihukumu kiyoyozi saa nane za usiku, amelala, taa zimezimwa. Anzieni hapo kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 1: Pima mzigo wa kila chumba, yaani joto ambalo kiyoyozi kitapaswa kuliondoa. Dirisha limeelekea wapi? Kioo kina ukubwa gani? Juu kuna paa au ghorofa nyingine? Chumba cha pembeni kinachopigwa na jua la jioni huhitaji nguvu zaidi kuliko jirani yake mwenye eneo lilelile. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: chumba kinatosheka na BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), wao wanafunga 18,000 ili "wasikosee". Mashine kubwa mno hupoza hewa upesi ikajizima kabla haijakamua unyevu. Chumba kinakuwa baridi lakini kibichi, shuka zinanata, kisha kuvu inaota nyuma ya kabati. Nimeona ukuta uleule ukipakwa rangi mara tatu, na ugonjwa ulikuwa kwenye ukubwa wa kiyoyozi. Mashine ya inverta, inayoweza kupunguza kasi badala ya kujizima, hupunguza tatizo, hailiondoi.

Hatua ya 2: Chagua aina. Kiyoyozi cha vipande viwili huacha kompresa, ile pampu ya gesi yenye kelele, nje, hivyo chumba kinatulia. Kile cha kipande kimoja kinachopenya ukutani hubadilishwa haraka kikifa, ila kompresa inalala na mgeni, mimi sikipendi. Kwa hoteli kubwa kuna mtambo wa kati unaosambaza maji baridi au ya moto vyumbani. Ukiwa na mabomba mawili, jengo zima hupata ama baridi ama joto. Yakiwa manne, kila chumba huchagua chake.

Hatua ya 3: Joto. Hita ya waya hugeuza kilowati 1 ya umeme kuwa kilowati 1 ya joto. Kiyoyozi kinachoweza kugeuza mzunguko, kikavuta joto la nje na kuliingiza ndani, hutoa mara mbili hadi nne ya hapo, ingawa hupungua nje kukiwa na baridi kali.

Hatua ya 4: Sauti na maji. Ulizia desibeli (kipimo cha sauti) za feni ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa. Usikifunge kiyoyozi juu ya mto wa kulalia. Bomba la kutoa maji yanayotoneka kwenye kiyoyozi lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita.

Maswali ya wanachama

*Swichi ya mlangoni inayowashwa kwa kadi ya mgeni izime kiyoyozi akitoka?*
Penye unyevu mwingi, hapana. Joto lililowekwa lipande hadi nyuzi 27 hivi, kiyoyozi kiendelee kukausha hewa.

*Tuna mnara wa kupozea maji juu ya paa. Kuna hatari?*
Ipo, usipotunzwa. Mwaka 1976 wageni wa mkutano katika hoteli moja Philadelphia waliugua nimonia na wengi wakafa. Bakteria waliogunduliwa baadaye, wanaoweza kuota katika maji ya mnara kama huo, wakaitwa Legionella. Maji yatiwe dawa na kupimwa kwa ratiba.

*Gesi ya kupozea ndani ya kiyoyozi iwe R-32 au R-410A?*
R-32. Nguvu yake ya kupasha dunia joto ni mara 675 ya kaboni dioksidi, R-410A ni mara 2,088. Lakini R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi awe amefunzwa kuishughulikia.