Jinsi ya kutengeneza klasi ya mfufua wafu bila kuua mchezo mezani

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu, mchezaji akisema anataka kucheza mfufua wafu, masta wengi, yaani waongozaji wa mchezo, wananuna, na sababu wanayotoaga ni kwamba klasi hiyo, yaani aina hiyo ya mhusika, ina nguvu kupita kiasi. Mi naona shida sio nguvu, shida ni zamu. Mtu mmoja anacheza zamu tisa kwenye raundi moja wakati wenzake wamekaa wanachati kwenye simu wakisubiri amalize kurusha dadu. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya hilo tu: mfufua wafu wetu abaki na misukule yake, abaki anatisha, ila asile muda wa meza, na kila anachochukua kwa wafu akilipe.

Natumia sheria za Dungeons & Dragons toleo la tano, lile la 2014, maana ndo wengi tunalo. Ukiwa na mfumo mwingine badilisha namba, mantiki inabaki ile ile. Andaa daftari, kikokotoo cha simu, dadu, na mchezaji mmoja mbishi. Huyo mbishi ni muhimu kuliko vyote, utaona huko chini.

Hatua ya 1: andika klasi kwa sentensi moja

Yangu ni hii: anasimamisha maiti zilizopo, kwa muda mfupi, kwa mkopo. Basi. Kitu chochote kisichoingia kwenye sentensi hiyo kinakatwa. Kuongea na mizimu, kunyonya damu, kugeuka popo, kuambukiza tauni, vyote vitamu na vyote vitakushawishi, waachie klasi nyingine. Klasi za kujitengenezea zinaharibikaga hapa hapa, mtu anapakia kila kitu alichowahi kuona kwenye sinema za kutisha halafu anashangaa kwa nini wenzake mezani hawana cha kufanya.

Hatua ya 2: piga hesabu ya zamu kabla ya kitu kingine

Hii usiiruke. Kwenye sheria za 2014 kuna ule uchawi wa levo ya 3 wa kufufua: ukiutumia unapata kiunzi kimoja cha mifupa au maiti moja inayotembea, kinakutii saa 24, na ukiurudia kabla muda haujaisha sloti moja (nafasi ya kutumia uchawi mara moja) inakuwezesha kuendelea kumiliki hadi wanne. Mchawi wa levo ya 5 ana sloti mbili za uchawi wa levo ya 3, na mara moja kwa siku anaweza kurudisha moja kwa mapumziko mafupi, kwa hiyo akijipanga siku kadhaa anatembea na viunzi wanane nyuma yake kama bwana harusi na wapambe.

Sasa hesabu. Kiunzi ana +4 ya kulenga (inajumlishwa kwenye dadu ya pande 20, ikifikia kinga ya adui anapigwa), mshale wake ni dadu ya pande 6 jumlisha 2, yaani wastani 5.5. Adui mwenye kinga 15 anapigwa nusu ya mara, ukiongeza na ile 20 ya bahati inayozidisha dadu za pigo mara mbili, kila kiunzi anatoa kama 2.9 kwa raundi. Wanane ni 23 na ushee. Mpiganaji wa levo hiyo hiyo mwenye upanga mkubwa, nguvu +4, anapiga mara mbili na anatoa kama 15. Yaani mchawi kamzidi mpiganaji kabla hajafungua mdomo kwenye zamu yake mwenyewe! Akifika levo ya 6 na amechagua tawi la wafufuaji, kila pigo la kiunzi alichokisimamisha linaongezwa bonasi ya ujuzi (namba inayopanda kadiri levo inavyopanda), +3, wanane wanapanda hadi kama 35.

Kinachofanya hivyo ni kwamba toleo la tano halipandishi kinga za maadui kwa kasi, kwa hiyo hata kitu dhaifu kinaendelea kulenga, na vitu dhaifu vikiwa vingi ni balaa.

Lakini geuza upande wa pili. Adui akirusha tufe la moto, dadu 8 za pande 6, wastani 28. Kiunzi ana uhai 13. Hata akirusha dadu ya kujiokoa na akafaulu anakula nusu, 14, anakufa tu. Jeshi lote limeisha kwa zamu moja ya adui na mchezaji wako anabaki kukunja mikono usiku mzima. Klasi inayotawala leo na kesho haina kitu haiko sawa hata kama ukipiga wastani inaonekana iko sawa.

Hatua ya 3: mpe msukule mmoja, sio kumi

Watengenezaji wenyewe walielekea huko, kuanzia 2020 wakaleta uchawi wa kuita mzuka mmoja ambao unakua kadiri sloti inavyokuwa kubwa. Tunafuata njia hiyo ila kwa klasi nzima.

Msukule wa kudumu, levo ya 1 na kuendelea: kinga ni 10 jumlisha bonasi ya ujuzi wa mwenye naye, uhai ni 8 jumlisha mara 4 ya levo (levo ya 5 ana 28), anatumia kulenga kwa mwenye naye, pigo lake ni dadu ya pande 8 jumlisha bonasi ya ujuzi. Kwenye raundi anatembea na kukwepa mwenyewe, ila kupiga anapiga tu kama bosi wake ametumia tendo la ziada (tendo dogo la pili kwenye zamu yake) kumwamrisha. Hiyo ya mwisho ndo kufuli, ukiiondoa umerudi kwenye zamu mbili kwa mtu mmoja.

Hesabu ya levo ya 5, akili +4, bonasi +3: msukule anatoa kama 5.1 kwa raundi dhidi ya kinga 15. Mwenyewe akirusha uchawi mdogo wa bure wa dadu 2 za pande 8 anaongeza kama 6.3. Jumla 11.4. Mpiganaji yupo 15. Hilo pengo la tatu na nusu nimeliacha makusudi, linajazwa na hisa na mkopo, ndo nguvu za klasi hii, tutaziona hatua ya 4.

Uhai wa mchezaji mwenyewe mpe dadu ya pande 8, vazi jepesi, silaha za kawaida. Usimpe sloti za uchawi kabisa. Najua mtabisha, ila ukimpa sloti na hisa kwa pamoja utakuwa unabalansi klasi mbili.

Hatua ya 4: chama na hisa

Wengi wakiweka chama kwenye klasi kinakuwa pambo tu, nembo na kofia. Mi nataka chama kiwe ndo injini. Changu nimekiita Chama cha Sanda, na kinaendeshwa kama kikoba kabisa: una hisa, unakopa, unarejesha na riba, na usiporejesha wanachama wenzako wanajua kwako.

Hisa zako ni bonasi ya ujuzi mara 2. Levo ya 1 una 4, levo ya 5 una 6, levo ya 9 una 8. Zinarudi zote ukilala mapumziko marefu.

Zikiisha katikati ya pambano unaruhusiwa kukopa, kikomo ni bonasi yako ya ujuzi. Kila hisa ya mkopo inalipwa kwa hisa 2, zinakatwa asubuhi kabla hujazigusa. Angalia uzuri wake: wa levo ya 5 ana hisa 6, anakopa 3, siku hiyo ametumia 9, ni shujaa. Asubuhi zinakatwa 6, anaamka na sifuri. Akitaka kitu chochote siku hiyo lazima akope tena 3, na kesho yake anaamka na sifuri tena. Anayeishi kwa mkopo anacheza na hisa 3 kwa siku badala ya 6, maisha yake yote. Huhitaji masta amwadhibu, hesabu inamwadhibu yenyewe. Na njia ya kutoka ipo, siku moja ya kukaa bila kukopa, ambayo kwenye kampeni nzuri ndo siku ambayo huipati.

Dhamana ya mkopo ni mwili wako. Ukifa na deni, maiti yako inasimama baada ya saa moja na kuanza kutembea kurudi chamani kufanya kazi, na hakuna wa kukufufua kihalali mpaka wenzako walilipe. Sheria hii haiongezi wala kupunguza nguvu ya klasi ila meza inapagawa nayo. Timu nzima inakimbizana na maiti ya rafiki yao barabarani usiku, mmoja anajaribu kuifunga kamba, mwingine anahesabu hela.

Hatua ya 5: hisa zinanunua nini

Weka vitu vitatu tu kuanzia, visivyofanana.

Hisa 1, Simama: adui mwenye ukubwa wa mtu au chini ya hapo akianguka ndani ya mita 9, mwili wake unainuka hapo hapo, unapiga mara moja, unaanguka. Pigo linatumia dadu za msukule wako, sio za marehemu. Hapo yule mbishi atauliza, je nikimwinua yule bingwa wao mwenye rungu? Hapana, mwili tu ndo umeinuka, rungu linapiga kwa dadu ya pande 8. Ukiruhusu namba za marehemu klasi itategemea masta ameleta monsta gani, na masta ataanza kuogopa kuleta monsta wazuri. Simama moja inaongeza ile 5.1, jumla inakuwa 16.5 kwa raundi, umempita mpiganaji kidogo kwa raundi chache kisha unarudi chini yake. Hapo ndo nilitaka tufike.

Hisa 2, Bado hujazikwa: mwenzako akifika uhai sifuri, unatumia tendo la kujibu (lile unalofanya nje ya zamu yako), anabaki amesimama na uhai 1 mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata, halafu anaanguka kama hakutibiwa. Watu watakupenda kwa hii kuliko kwa misukule.

Hisa 3, Kaburi la pamoja: eneo la mita 3 lenye angalau maiti moja, mikono inatoka ardhini dakika moja, kupita hapo ni taabu kama kwenye tope na anayeanza zamu yake hapo anakula dadu 2 za pande 6. Inahitaji umakini (ukipigwa unaweza kuupoteza), ukivunjika imeisha. Hii ndo inampa mchezaji ile hamu ya kuwa na jeshi, ila kwenye ramani ni kipande kimoja cha karatasi, hakina zamu.

Hatua ya 6: levo

Andika mpaka levo ya 5 halafu simama, usiandike 20 kwa mkupuo. Levo ya 3 chagua tawi: mchimbaji (msukule mnene, uhai zaidi), mhasibu (hisa ya kwanza anayokopa kila siku inalipwa kwa hisa 1 badala ya 2), mwombolezaji (ile ya kuokoa wenzako inashuka hadi hisa 1, mara moja kwa mapumziko mafupi). Levo ya 5 msukule mpe kitu cha ujanja badala ya pigo la pili, mfano kumng'ang'ania adui mguu. Pigo la pili linavunja hesabu yote ya hatua ya 3.

Hatua ya 7: ijaribu kwenye mazingira mabaya

Pambano la kwanza, maadui wasio na mwili wa kuinua, mizimu au masanamu ya mawe. Simama haifanyi kazi, je mchezaji bado ana la kufanya? Kwa klasi hii ana msukule na ile ya kuokoa wenzake, anapona.

Pambano la pili, tufe la moto. Msukule wa levo ya 5 ana 28, anasimama kwa bahati. Akianguka, aweze kumrudisha kwa mapumziko mafupi na hisa 1, bila hivyo mtu analia.

La tatu wengi wanalisahau: kasisi kwenye timu yenu wenyewe. Nguvu ya kasisi ya kufukuza wafu inagusa kila mfu anayemwona au kumsikia ndani ya mita 9, haichagui wa nani, na kuanzia levo ya 5 wale dhaifu wakishindwa kujiokoa wanasambaratika kabisa. Andika wazi kwamba msukule wa chama anarusha kujiokoa kwa namba za bosi wake, na akishindwa anakimbia ila hasambaratiki. Bila mstari huo mtagombana mezani, uhakika.

Na weka saa. Zamu ya mfufua wafu isizidi ya mpiganaji kwa muda. Ikizidi, kata kitu, hata kama namba za nguvu ziko sawa. Hapa ndo mpe yule mbishi klasi aicheze, mwambie kazi yake ni kuivunja, na usimsaidie.

Hatua ya 8: ongea na meza kabla ya kampeni

Kwetu msukule sio katuni. Kuna mtu mezani kwako anaamini kabisa mjomba wake hakufa, yupo anachunga mashamba ya mtu usiku na kulishwa pumba, na kuna ambaye ndugu yake kazikwa juzi. Uliza mapema, na mpe kila mtu haki ya kusema hapo tusifike bila kujieleza. Kingine, ukitafuta adui mchawi usimweke bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani vikongwe wameuawa kweli kwa tuhuma za namna hiyo, halafu we unaifanya burudani? Mfanye awe mweka hazina wa chama, suti safi, daftari kwapani.

Hatua ya 9: ukitaka kuitoa kwa watu

Sheria za msingi za toleo hilo, hati inayoitwa SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, kwa hiyo unaweza kujenga juu yake na hata kuuza, mradi uweke ile sentensi ya kutaja chanzo kama walivyoiandika. Majina ya miungu, miji na wahusika wasiokuwemo kwenye hati hiyo usiyaguse, tunga ya kwako. Kwenye ukurasa wa kwanza andika namba ya toleo la klasi na tarehe, maana mtu atakuja na karatasi ya zamani aliyoprinti, ile ambayo msukule bado anapiga mara mbili, na atakwambia hiyo ndo sheria.