Kuitembea Shinsekai, Osaka: anzia uchochoroni, mnara haukimbii

Wageni wengi wakifika Shinsekai, mtaa wa jiji la Osaka nchini Japani, hukimbilia mnara wa Tsutenkaku, wakapiga picha tatu, wakaondoka. Mimi, wale ninaowatembeza huwa nawapitisha kinyume.

Hatua ya 1: Fika saa kumi jioni. Shuka stesheni ya Dobutsuen-mae kwenye njia ya treni ya Midosuji. Ukitokea uwanja wa ndege wa Kansai kwa treni ya Nankai, shukia Shin-Imamiya, ni hapo hapo jirani. Beba yen taslimu.

Hatua ya 2: Ingia Jan-Jan Yokocho. Ni uchochoro mwembamba wenye paa, na jina lake linaiga mlio wa shamisen, kinanda cha nyuzi tatu kilichopigwa zamani kuita wateja. Tafuta klabu ya shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, yenye dirisha la kioo. Wazee wamekaa wawili wawili, na nje kuna watu wamesimama mikono mfukoni wakifuatilia kete. Utadhani kijiwe cha bao, ila hapa mtazamaji hafundishi wala hacheki. Simama nao kidogo.

Hatua ya 3: Kula kushikatsu. Ni vijiti vya nyama, kamba au kitunguu vilivyoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Kijadi, mbele yako kuna kopo la sosi nyeusi ambalo wateja wote wanachovya, na sheria ni moja: unachovya mara moja tu, kabla hujang'ata. Siku yangu ya kwanza nilirudisha kijiti nilichokwisha kukimega. Mwenye duka hakusema neno. Alichukua kopo, akamwaga sosi yote, akaleta jingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Sosi isipotosha, ichote kwa kipande cha kabichi unachopewa. Siku hizi maduka mengi yameweka chupa za kumiminia, lakini usibahatishe. Na kwa asiyekula nguruwe: hata ukiagiza kamba mtupu, mafuta ni yale yale yanayokaangia nguruwe.

Hatua ya 4: Sasa nenda Tsutenkaku, giza likianza kuingia. Mnara wa kwanza ulijengwa 1912, ukabomolewa 1943 na chuma chake kikaenda vitani. Huu wa sasa, wenye mita 103, ni wa 1956, kazi ya Tachu Naito, aliyesanifu pia Tokyo Tower. Juu yupo Billiken, kinyago cha bahati unachokisugua nyayo. Watu hudhani ni mungu wa kale wa Kijapani, kumbe asili yake Marekani.

Hatua ya 5: Ukivuka reli kwenda kusini, kamera iingie mfukoni. Huko ni Kamagasaki, mtaa wa vibarua wa kutwa na gesti za bei rahisi. Walioinyanyua Osaka baada ya vita, pamoja na majengo ya maonyesho ya dunia ya 1970, wengi walilala huku. Utamkuta mzee amelala kando ya njia au watu kwenye foleni ya chakula. Sio maonyesho. Mbele zaidi ni Tobita, mtaa wa madanguro, na huko picha hazipigwi kabisa, utafokewa.

Ukirudi stesheni, tazama kilele cha mnara. Taa nyeupe ni jua kesho, rangi ya chungwa ni mawingu. Ikiwa bluu, nunua mwavuli kabla hujapanda treni.