Namna ya Kudai Haki Yako Fedha Zinapokatwa Kwenye Kadi ya Benki Isivyo Halali

Mtu anayekuta kwenye taarifa ya kadi yake malipo asiyoyatambua mara nyingi hukimbilia kwanza duka, hoteli au tovuti iliyotajwa hapo, na siku nyingi hupotea katika kupigiana simu. Haki ya mwenye kadi imo katika mkataba wake na benki iliyompa kadi hiyo, na sheria inayomlinda ni ya nchi ambako benki hiyo imepewa leseni. Kwa hiyo mkazi wa Arusha au Moshi aliyepewa kadi na tawi la hapa nchini atadai haki yake kwa sheria za Tanzania, hata kama fedha zimekatwa na mfanyabiashara aliye ng'ambo ambaye hajawahi kumwona.

Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa sababu maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Kwao, mwenye kadi ya mkopo iliyotumiwa na mwizi hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50, na sheria yao ya mwaka 1974 kuhusu makosa ya hesabu humpa siku 60 tangu kutumiwa taarifa yenye kosa ili aandike barua ya kupinga. Benki hutakiwa kukiri kupokea barua hiyo ndani ya siku 30 na kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90, na katika muda huo haiwezi kumdai kiasi kinachobishaniwa. Mwaka 2009 waliongeza sheria nyingine inayoitaka benki kumpa mteja taarifa siku 45 kabla ya kupandisha riba. Ulinzi huo ni mkubwa, lakini haumhusu mteja wa benki ya Tanzania, na anayeutaja mbele ya meneja wa tawi atajibiwa, kwa haki kabisa, kwamba hauna nguvu hapa.

Wenye kampuni za utalii, kwa upande wao, wanapaswa kuzifahamu sheria za kigeni kama hizo, kwa kuwa wageni wao wanalindwa nazo hata wakiwa chini ya Mlima Meru. Mgeni aliyelipa kwa kadi ya mkopo ya Uingereza anaweza, kwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974, kuidai benki yake kana kwamba ndiyo iliyomuuzia huduma, mradi bei ya huduma hiyo inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Kampuni inayobebeshwa hasara ya namna hiyo bila kuwa na mkataba wa maandishi unaoeleza masharti ya kuahirisha safari huwa na utetezi dhaifu sana.

Kwa mteja wa Tanzania, msingi wa madai ni Kanuni za Benki Kuu za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Kanuni hizo zinaitaka benki kumtendea mteja kwa haki, kumweleza masharti, riba na makato kwa lugha anayoielewa, kutunza siri za taarifa zake, na kuwa na utaratibu wa ndani wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Pembeni yake ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo, ambayo kifungu chake cha 12 kinahusu udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na kifungu cha 15 kinamhusu anayejifanya mtu mwingine. Benki inapaswa kushughulikia fedha zako. Polisi wanamshughulikia mhalifu. Usikubali kuambiwa kwamba lalamiko lako benki litasubiri mpaka mwizi akamatwe.

Kabla ya kulalamika, hakikisha kwamba fedha zimekatwa kweli. Hoteli na kampuni za kukodisha magari huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kiasi hicho huonekana kupungua kwenye salio ingawa malipo yenyewe hayajakamilika. Aghalabu hurudi baada ya siku kadhaa bila mtu kudai. Angalia pia jina la mfanyabiashara kwa makini, maana jina linaloandikwa kwenye taarifa ya benki huenda likawa la kampuni mama na si la mgahawa ulioingia. Lakini kama kadi yenyewe imepotea, au umegundua kwamba mtu ana namba zake, usichunguze kwanza. Piga simu benki wakati huohuo, omba kadi ifungwe, kisha andika saa uliyopiga, jina la aliyekupokea na namba ya kumbukumbu aliyokupa. Mikataba mingi ya kadi humbebesha mteja malipo yaliyofanyika kabla hajatoa taarifa, kwa hiyo dakika uliyopiga simu huamua nani atabeba hasara.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Moshi anayelipia malazi ya shilingi 480,000 jijini Arusha. Anachanja kadi, mashine inaandika kwamba muamala umeshindikana, anachanja tena na unakubali, na jioni anakuta amekatwa shilingi 960,000. Tatizo hili ni la kawaida na kulithibitisha si kazi ngumu, lakini wengi hushindwa kwa sababu waliitupa ile karatasi ya kwanza iliyosema imeshindikana, wakidhani haina thamani. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi mkuu, kwa kuwa ina saa, namba ya mashine na sababu ya kukataliwa. Omba ichapwe, na uipige picha siku hiyohiyo, kwa maana wino wa karatasi za mashine hizo hufifia upesi, hasa ikiachwa juani ndani ya gari.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni barua. Malalamiko ya mdomo dirishani, hata yakisikilizwa kwa upole, hayaachi alama. Andika barua kwa meneja wa tawi lako, ukitaja jina lako, tarakimu nne za mwisho za kadi (usiandike namba yote), tarehe na saa ya muamala, kiasi, na jina la mfanyabiashara kama lilivyo kwenye taarifa ya benki. Sema wazi unachotaka: “Naomba nirudishiwe shilingi 480,000 zilizokatwa mara ya pili, pamoja na makato na riba iliyotokana na muamala huo, na naomba nijibiwe kwa maandishi.” Ambatanisha nakala na ubaki na karatasi halisi. Barua iwe na nakala mbili, na ile inayobaki kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa baruapepe, omba uthibitisho na namba ya lalamiko. Kwa Kiswahili inafaa kabisa. Hakuna anayelazimika kukodi mtu wa kumwandikia Kiingereza ili adai fedha zake.

Barua hiyo ndiyo itakayoiwezesha benki kuanzisha utaratibu wa mitandao ya kadi wa kuzirudisha fedha kutoka kwa mfanyabiashara na kumtaka athibitishe mauzo. Utaratibu huu ni kanuni za Visa na Mastercard, si sheria ya nchi, na una ukomo wake: kwa madai mengi ya Visa muda ni siku 120. Mteja anayesubiri miezi mitano akiamini ahadi za muuzaji wa mtandaoni anaweza kukuta benki yake haina tena njia ya kumsaidia, ingawa haki yake haina shaka.

Ikiwa kadi yako ni ya mkopo, endelea kulipa sehemu ya deni isiyobishaniwa kwa tarehe yake. Kugoma kulipa deni lote kwa sababu ya muamala mmoja huipa benki sababu ya kukutoza adhabu na kukuandika kama mdaiwa asiyelipa katika mfumo wa taarifa za mikopo. Omba kwa maandishi riba ya kiasi kinachobishaniwa isimamishwe mpaka uchunguzi uishe.

Benki ikikukatalia, ikikaa kimya, au ikijibu kwa namna isiyogusa hoja yako, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania. Mkazi wa kanda hii ana nafuu, kwa kuwa Benki Kuu ina tawi Arusha, na upo pia mfumo wa mtandaoni wa Sema na BoT. Sharti ni kwamba uwe umeanza kwa benki yako, na hapo ndipo nakala yenye muhuri inapohitajika. Suala lililokwisha kupelekwa mahakamani halifai kupelekwa huko, hivyo usifungue kesi kwa hasira kabla ya kuitumia njia hii.

Kuna desturi moja katika miji yetu ya utalii inayonisikitisha, nayo ni ya kumwomba mteja apige picha kadi yake pande zote mbili na kuituma kwa WhatsApp ili alipie chumba au safari. Picha hiyo ina kila kitu anachohitaji mwizi, na hubaki kwenye simu za wafanyakazi hata baada ya kuacha kazi. Viwango vya usalama vya kampuni za kadi vinakataza kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kuidhinishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde na azitumie kwa kusudi lililotajwa tu. Kataa kutuma picha hiyo na uombe kiungo cha malipo. Kama ulikwisha kuituma, omba kadi mpya.

Wanaovuka Namanga kwenda Nairobi wakumbuke jambo dogo kuhusu mashine za huko. Ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Tanzania au za Kenya, chagua za Kenya, kwa sababu ukichagua za kwetu ubadilishaji hufanywa kwa kiwango cha upande wa muuzaji, ambacho kwa kawaida ni kibaya zaidi. Kanuni za kadi zinataka mteja aulizwe, na kama muuzaji amechagua kwa niaba yako bila kukuuliza, una sababu ya kupinga.

Fedha zikiwa zimeibwa na mtu, toa taarifa polisi na uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, kisha nakala yake iongezwe kwenye faili la benki. Ujumbe wa kitapeli ulioomba namba ya siri au namba ya uthibitisho utume kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa utapeli, pamoja na namba iliyoutuma, lakini usiufute kwenye simu yako, kwani ni ushahidi. Na kama umetoa namba hiyo kwa kudanganywa, liseme hilo ndani ya barua yako ya kwanza, pamoja na saa ilipotokea: benki italiona kwenye kumbukumbu zake, na mlalamikaji aliyelificha huanza kutiliwa shaka hata katika yale aliyoyasema kweli.

Njia zote zikishindikana, mahakama ipo. Kwa Sheria ya Ukomo, madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, kwa hiyo faili lenye barua, mihuri na picha za karatasi za mashine litunzwe kwa muda wote huo, hata kama benki imekwisha kukuandikia kwamba imelifunga suala lako.