Kuandaa Python ya Hisabati kwa Wanafunzi Wanaoanza Bila Kutegemea Intaneti

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wa kidato cha tano wachore grafu na kutatua milinganyo kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, asiwaachie wenyewe kazi ya kusakinisha programu, kwa sababu kipindi kizima kinaweza kuisha kabla hesabu ya kwanza haijaandikwa. Katika shule nyingi za Uganda, ambako bando hununuliwa kwa kubana matumizi na umeme hukatika bila taarifa, ni heri mwalimu apakue kila kitu mara moja, kisha akisambaze kwa flashi iliyokaguliwa virusi.

Ningependekeza Thonny. Programu hii ya kuandikia na kuendeshea Python, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, huja na Python yake ndani, hivyo anayeanza husakinisha kitu kimoja tu. Anaconda, furushi kubwa la Python na maktaba zake, ni nzuri lakini ni nzito mno kwa kompyuta kuukuu, na Google Colab, inayoendesha Python ndani ya kivinjari, hudai intaneti muda wote wa somo.

Kagua kwanza kompyuta za maabara. Windows 7 haipokei Python 3.9 wala matoleo yaliyofuata. Ukiikuta, tafuta Thonny iliyojengwa juu ya Python 3.8. Sakinisha toleo hilohilo kwenye kompyuta yako, kwani maktaba (nyongeza za Python) za NumPy, ya kukokotoa namba, na Matplotlib, ya kuchora grafu, hupakuliwa kulingana na toleo la Python na aina ya mfumo, biti 32 au 64, na zisipolingana hukataa kuingia. SymPy, maktaba ya aljebra, haina usumbufu huo, kwa kuwa imeandikwa kwa Python tupu.

Ndani ya Thonny, fungua dirisha la amri la mfumo kupitia menyu ya zana (Tools), kisha andika amri hii ya pip, kipakuzi cha maktaba za Python:

pip download numpy matplotlib sympy -d furushi

Folda ya furushi itabeba maktaba hizo pamoja na nyingine zote ambazo maktaba hizo huzihitaji. Inakili kwenye flashi pamoja na faili la kusakinishia Thonny. Katika kila kompyuta ya wanafunzi, sakinisha Thonny, fungua dirisha lilelile ukiwa mahali folda ilipo, uandike:

pip install --no-index --find-links=furushi numpy matplotlib sympy

Jaribu kwanza kwenye kompyuta moja iliyokatwa intaneti, ukitumia akaunti ya mwanafunzi na si ya msimamizi. Iwashe upya kabla ya kuendelea na nyingine, maana baadhi ya maabara huwekewa programu inayofuta mabadiliko yote kompyuta inapozimwa.

Mwanafunzi mwenyewe athibitishe kwa mlinganyo wa kwadratiki anaoujua:

from sympy import symbols, solve
x = symbols("x")
print(solve(x**2 - 5*x + 6, x))

Jibu ni [2, 3]. Waonye mapema wasihifadhi kazi yao kwa jina la sympy.py au numpy.py: Python italisoma faili hilo badala ya maktaba yenyewe, na ujumbe wa kosa utakaotokea huenda usimwambie anayeanza kwamba tatizo ni jina tu.